Kubomoa Jana ili Kuonyesha Juzi

Saa mbili asubuhi jua la Athens lilikuwa limeshaanza kuchoma. Tulikuwa watu kumi na wanne chini ya lango la Acropolis, kila mmoja na chupa yake ya maji, na mbele yetu alisimama mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na kitambulisho shingoni. Ugiriki hairuhusu kila mwenye mdomo kutembeza wageni kwenye magofu yake: mtu husoma, akafanya mtihani, akapewa leseni. Mama yule hakujua kwamba mmoja wa wateja wake wa asubuhi hiyo alikuwa mwenzake wa kazi, na kwamba alikuwa anatazamwa kama seremala anavyotazama mlango wa seremala mwingine: kwanza maungio, ndipo nakshi.

Ninatembeza wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huu ni mwaka wa saba. Mimi si papasi. Nina kibali, fulana yenye nembo, na hadithi zangu nimezipanga kwa mitaa. Athens nilikwenda kwa mafunzo mafupi ya kazi hiyo hiyo, na siku ya mwisho nikawa huru. Kwa hiyo niliona mara moja kwamba mama yule anaijua kazi. Alisimama yeye juani ili sisi tupate kivuli. Hakusema neno wakati wa kupanda, kwa sababu mtu anayehema hasikii. Kichekesho chake alikiweka akiba mpaka wale wazee wawili wa nyuma walipoanza kuburura miguu. Na tulipofika juu, Parthenon ilipojitokeza yote kwa mara moja, alinyamaza akatuacha tupige picha mpaka tutosheke. Ndipo akasema sentensi ambayo mimi sikuwahi kuthubutu kuisema mbele ya wateja wanaolipa: "Hiki mnachokiona sicho kilichosalia. Ni kile tulichochagua kukisaza."

Akaeleza. Parthenon ilianza kujengwa mwaka 447 K.K., Athens ilipokuwa na nguvu za baharini na fedha zilizotoka kwenye miji washirika wake. Ilikuwa hekalu la Athena kwa karibu miaka elfu moja. Kisha ikawa kanisa la Bikira Maria, nalo kwa karibu miaka elfu. Baada ya Dola ya Uthmaniya kuutwaa mji katika karne ya 15, ikawa msikiti, ikawekewa na mnara. Mwaka 1687, jeshi la Venice lilipouzingira mji, Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani yake. Kombora likaangukia humo na jengo likafumuka katikati. Baadaye msikiti mdogo ukajengwa ndani ya gofu lenyewe, na kuzunguka pale juu kulikuwa na kijiji kizima: nyumba, bustani, vichochoro, watu waliokuwa wakianika nguo. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lord Elgin wakabandua sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki. Serikali ya Uingereza ikazinunua mwaka 1816, na ziko London hadi leo.

Haya ya Elgin wengi wetu tuliyajua, na kila mtu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Yaliyofuata hatukuyajua. Ugiriki ilipopata uhuru wake na kuletewa mfalme kijana kutoka Bavaria, ilifanyika sherehe pale pale juu, mwaka 1834, kutangaza kwamba sasa kilima kitasafishwa. Kijiji kikaondolewa nyumba baada ya nyumba. Msikiti mdogo ukabomolewa katika miaka ya 1840. Penye lango kulikuwa na mnara mrefu uliojengwa katika Zama za Kati, wakati Athens ilipotawaliwa na watu wa Ulaya Magharibi. Nao ukaangushwa mwaka 1875 kwa gharama ya Heinrich Schliemann, yule Mjerumani aliyefukua Troy. Hata wakati ule walikuwapo waliolalamika kwamba mnara nao ni historia. Hawakusikilizwa. Kilichotakiwa kuonekana ni karne ya tano kabla ya Kristo, na kila karne iliyosimama mbele yake iliambiwa isogee.

Nilitazama tena pale juu. Mwamba mtupu, marumaru, mbingu. Dakika kumi nyuma nilikuwa nimeuona utupu ule kama uzee: miaka elfu mbili na mia nne imepita, imechukua chake, imeacha hiki. Kumbe utupu ule una umri wa chini ya miaka mia mbili, na una mafundi wake, na una hesabu zake za malipo. Nikajiuliza swali ambalo limenikalia mpaka leo: je, ni halali kubomoa jana ili kuonyesha juzi?

Tukateremka hadi Agora, uwanja wa kale wa soko na siasa. Hapa pana miti, na mama yule alitukalisha kivulini mbele ya ukumbi mrefu wa Attalos, ambao si wa kale hata kidogo: ulijengwa upya wote kati ya 1953 na 1956 juu ya msingi wa ule wa zamani. Ndani yake mna makumbusho. Mna vigae vya vyungu vilivyokwaruzwa majina ya wanasiasa. Wananchi waliviandika ili kupiga kura ya kumfukuza mtu mjini kwa miaka kumi. Mna kipande cha jiwe chenye safu za vijitundu vyembamba, mashine ya kuteua kwa kura raia wa kukaa mahakamani, ili tajiri asijue mapema nani wa kumhonga. Nilisimama mbele ya jiwe lile muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya Parthenon.

Kisha akatuambia tumekaa juu ya nini. Hadi mwaka 1931, alisema, hapa palikuwa mtaa unaoitwa Vrysaki. Wanaakiolojia wa Kimarekani walipopata ruhusa ya kuchimba, nyumba zaidi ya mia tatu zilitwaliwa na kubomolewa. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wengi hawakutaka kuondoka. Wachimbaji walipiga picha na kuandika kumbukumbu kabla ya nyundo kuanza, na kanisa dogo la Mitume Watakatifu, la tangu karibu mwaka 1000, liliachwa. Mitaa mingine yote imekwenda.

Kijana mmoja kwenye kundi letu, mwenye kamera nzuri na nia njema, akauliza: "Kulikuwa na kitu chochote cha maana kilichopotea?"

Mama akamtazama kidogo. "Kwa nani?" akauliza, kisha akatuonyesha njia ya kutokea.

Nataka kuwa mwadilifu kwa wabomoaji, maana hoja zao si za kijinga. Ya kwanza ni ile iliyonisimamisha mbele ya jiwe la kura. Vrysaki isingebomolewa, jiwe lile lingekuwa bado liko chini ya jiko la mtu. Tungesoma kwamba Athens iliteua mahakimu wake kwa kura, lakini tusingeona tundu lenyewe ambamo kibao chenye jina la mtu kilichomekwa. Mimi natoka mahali ambapo watu wanajua thamani ya kura inayohesabiwa mbele ya macho. Siwezi kusema kwamba jiwe lile halina faida kwangu.

Hoja ya pili ni ya wakati. Waliokuwa wakiishi Vrysaki mwaka 1931 karibu wote sasa ni marehemu. Hata mtaa ungeachwa, wao wasingekuwapo. Magofu yamewahudumia mamilioni ya watu tangu hapo na yataendelea. Ukiweka mizani, machungu ya kaya mia kadhaa upande mmoja, na upande wa pili elimu ya vizazi na vizazi, mizani inaonekana wazi inakoinamia.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kila tabaka lilifanya hivyo hivyo. Waajemi waliichoma Acropolis mwaka 480 K.K., na Parthenon tunayoistahi ilijengwa juu ya msingi wa hekalu lililokuwa likijengwa kabla yake. Wakristo walivunja sanamu ili wapate kanisa, Waislamu wakapaka chokaa kanisa ili wapate msikiti. Hakuna aliyeomba radhi. Kwa nini tuwadai wanaakiolojia adabu ambayo hatumdai mtu mwingine yeyote katika historia?

Ningeweza kuzipima hoja hizi kwa utulivu, kama mwanafunzi, kama isingekuwa bibi yangu.

Bibi, mama mzaa mama, alihamia Mji Mkongwe mwaka 1966. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi kubwa za mawe ziliachwa au kutwaliwa, na familia za kutoka mashamba zikagaiwa vyumba ndani yake. Yeye alipata vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, katika nyumba yenye mlango wa nakshi na boriti za mikoko. Alizaa humo watoto watatu wa mwisho. Alikaanga vitumbua kwenye ukumbi wa chini kila alfajiri, na moshi wake ulitia weusi ukuta mmoja mpaka juu. Walikuwa kaya tano mle ndani, na choo kimoja, na ugomvi wa maji, na maulidi kila mfungo sita. Alikaa miaka thelathini na mmoja.

Mwaka 1997 nyumba ilipata mwenye mpya, na wapangaji wakapata barua. Bibi akahamia Ng'ambo kwa mama yangu, kwenye chumba alichokuwa analala na wajukuu watatu, mimi mmoja wao. Nyumba ikakarabatiwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na siku hizi nyumba ile ni hoteli. Ukarabati ni mzuri, sitasema uongo. Chokaa imepakwa kwa ustadi, boriti zilizooza zimebadilishwa, mlango umepakwa mafuta. Ukuta uliokuwa mweusi ni mweupe. Mlangoni kuna kibao kinachosema kwamba ilijengwa na mfanyabiashara tajiri katika karne ya 19.

Nilipoanza kazi, nyumba ile ilikuwa kituo changu cha nne. Nilisimamisha wageni mbele yake na kuwahadithia mfanyabiashara: majahazi yake, karafuu zake, pembe zake za ndovu, wake zake nyuma ya madirisha ya mbao. Nusu ya hayo niliyatoa kwenye kibao na nusu kichwani mwangu. Wageni waliyapenda. Hoteli ilituruhusu tutumie choo, na mgeni akichukua chumba kwa maneno yangu, nilipata chochote. Sikumtaja bibi hata siku moja. Sikuona kama ninamficha. Niliona tu kwamba hakuwa sehemu ya hadithi.

Siku moja nilipofika na wageni, bibi alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili, mkono wa kulia. Alikuwa na kawaida ya kwenda kumtembelea jirani yake wa zamani, mmoja wa wachache waliobaki. Alikuwa amejitanda kanga, anachambua mchele kwenye ungo. Mama mmoja wa Kizungu akavutiwa, akaniomba nimuulize kama anaweza kumpiga picha, kisha akauliza: "Huyu ni nani?"

Nikasema: "Ni bibi mmoja wa mtaa huu."

Bibi hakujua Kiingereza, lakini alijua kutazama. Jioni nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa ule utani wake wa kila siku: "Haya, mume wangu, wale Wazungu umewaambia mimi nani?"

Nikamjibu: "Nimewaambia wewe ni bibi yangu."

"Ewaa," akasema, na akarudi kwenye redio yake. Amefariki miaka mitatu sasa, na sijui kama aliniamini.

Kwa hiyo pale Agora, kijana wa kamera alipouliza kama kilipotea kitu cha maana, nilijua nimewahi kulijibu swali hilo, na jibu langu lilikuwa hapana. Waliomfukuza bibi mwaka 1997 walikuwa wengine. Mimi nilimwondoa tena, mara mbili kwa siku msimu wa wageni, kwa mdomo tu. Mfalme wa Ugiriki alihitaji wafanyakazi na nyundo ili kusafisha kilima chake. Mwongozaji hahitaji vyote hivyo. Anachagua tu aanzie wapi na anyamaze wapi.

Sasa nirudi kwenye zile hoja tatu, maana sitaki huzuni yangu ijifanye jibu.

Ya mwisho kwanza. Ni kweli kwamba kila tabaka lilibomoa lililotangulia. Lakini kuna tofauti kati ya anayebomoa ili aishi na anayebomoa ili aonyeshe. Wakristo walioigeuza Parthenon kuwa kanisa walihitaji mahali pa kusali, na waliotoboa ukuta kutia dirisha walihitaji mwanga. Hawakudai kwamba wanafanya hivyo kwa heshima ya wakati uliopita. Anayebomoa kwa jina la historia amejipa kazi ya kuitunza historia, na kazi hiyo ina masharti yake. Mwizi na mlinzi wakichukua kitu kile kile ghalani, kosa la mlinzi lina uzito wa pili.

Hoja ya wakati, kwamba waliohamishwa wangekufa hata hivyo, ina shimo ndani yake. Ukiipeleka mbele inaruhusu kila kitu, maana sote tutakufa hata hivyo. Jambo lenyewe ni kinyume chake: magofu yanaweza kusubiri. Jiwe lililokaa ardhini miaka elfu mbili linaweza kukaa nyingine thelathini likimsubiri mzee amalize siku zake nyumbani kwake. Mzee hawezi kulisubiri jiwe. Wafu wana subira ambayo walio hai hawana, na tunapoharakisha, mara nyingi haraka ni ya msimu wa wageni na ya fedha za mfadhili, si ya wafu.

Inabaki hoja ya elimu, na hii sina ubavu wa kuiangusha. Jiwe la kura linanishinda. Nikiambiwa leo nichague kati ya kulifukia tena na kuurudisha mtaa wa Vrysaki, nitababaika, na sidhani nitachagua mtaa. Ila nimeona kitu: faida ile haifuti deni. Ukimkopa mtu fedha ukajengea shule, shule ni njema, na deni liko pale pale. Watu wa Vrysaki walilipwa thamani ya matofali. Kuna kitu kingine walichotoa, nafasi yao katika masimulizi ya mahali pale, na hicho hulipwa kwa kusimuliwa tu. Mama yule wa kofia pana, kwa dakika mbili chini ya mti, alikuwa anafanya malipo.

Na kuna jambo jingine ambalo ni la kuudhi zaidi. Tunapochagua tabaka moja tuliite ndilo lenyewe, kwa kawaida tunachagua la wenye nguvu. Zimesalia hesabu za ujenzi wa Erechtheion, hekalu lenye zile nguzo za sura za wanawake, karibu na Parthenon. Zimechongwa kwenye mawe, na zinaonyesha kwamba raia, wageni wakazi na watumwa walifanya kazi bega kwa bega kwa malipo ya drakma moja kwa siku. Lakini drakma ya mtumwa aliipokea bwana wake. Fedha ya Athens ilichimbwa na watumwa katika migodi ya Laurion. Haya yote ni ya karne ile ile ya tano tuliyoifagilia kilima, na bado ilinibidi nimuulize mwongozaji ndipo ayaseme.

Nikamfikiria mfanyabiashara wangu wa karne ya 19. Karafuu zake zililimwa na nani? Boriti zake zilibebwa na mabega ya nani? Ukoo wa bibi ulitoka mashamba, na tukirudi nyuma vizazi vinne majina yanakatika ghafla, kama yanavyokatika katika koo nyingi za Unguja ambazo hakuna anayependa kuuliza kwa nini. Inawezekana kwamba nilikuwa nikimfuta mjukuu wa waliobeba ili nimsifu aliyebebewa. Sina hakika, na sitawaambia wageni kwamba nina hakika. Lakini mfanyabiashara pia sikuwa na hakika naye, na hilo halikunizuia.

Kazi hii ya kuonyesha mahali na kuficha watu ni ya zamani, hata kwetu. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa kuhusu pwani yetu. Anataja bandari ya Rhapta, anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa. Rhapta haijathibitishwa ilikuwa wapi. Mkazi wa pwani hii hata mmoja hakutajwa kwa jina. Tunajua kasa waliuzwa. Hatujui nani aliwavua.

Basi ni nini wajibu wa anayetunza na anayeonyesha? Jibu la mafundi wa magofu lilinisaidia kuliko la wanafalsafa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza ukarabati wa majengo ya kale, unataka mchango wa kila zama katika jengo uheshimiwe, kwa kuwa lengo si kulirudisha lionekane la wakati mmoja. Unataka pia sehemu mpya ijulikane kuwa ni mpya. Pale Parthenon niliona maana yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi walitumia vyuma vilivyoshika kutu, vikavimba na kupasua marumaru. Tangu miaka ya 1970 mafundi wengine wanafanya kazi ya kuyarekebisha marekebisho: wanatoa vyuma, wanatia titani, na panapopungua wanaziba kwa marumaru mpya ya mlima ule ule wa Penteli. Marumaru mpya ni nyeupe, ya kale ina rangi ya asali, na mshono unaonekana. Kijana wa kamera aliona mabaka yale yanaharibu picha. Mimi niliyaona kama fundi anayekiri: hapa ni mimi, si wao.

Nadhani hilo ndilo tunaloweza kudaiwa kwa haki. Hatuwezi kudaiwa tusibomoe kamwe. Mji usiobomoa ni makaburi. Tunadaiwa tusiwaharakishe walio hai kwa ajili ya waliokufa, na tunadaiwa tuuache mshono uonekane.

Kituo cha mwisho kilikuwa Anafiotika, juu kabisa ya mtaa wa kale wa Plaka, chini ya ukuta wa kaskazini wa Acropolis. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba wawili hawapishani bila mmoja kugeuka upande, na hapo nilijisikia nyumbani. Waliojenga walikuwa mafundi kutoka kisiwa cha Anafi, walioletwa mjini katika karne ya 19 kuujenga mji mkuu mpya wa mfalme. Wakajijengea nyumba nyeupe za kisiwani kwao, mwambani. Isimuliwavyo, walijenga usiku, kwa kuwa nyumba iliyokutwa asubuhi na paa haikubomolewa. Mama yule alisema "isimuliwavyo" kwa sauti ile ile aliyosemea miaka na tarehe, hakuimeza. Nyumba nyingine zilibomolewa katika karne ya 20 kwa ajili ya uchimbaji. Zilizobaki hazifiki hamsini, na hazina majina ya mitaa: zinaitwa Anafiotika na namba tu.

Kwenye mlango mmoja kulikuwa na makopo ya rehani na paka. Mzee wa kike alitoka na ndoo, akatukuta tumeziba njia. Kamera zikainuka. Mwongozaji akasema naye kwa Kigiriki, maneno machache, wakacheka. Kisha akatuomba tushushe kamera na tumpishe. Alipopita akatuambia jina lake, na kwamba anaishi pale tangu utotoni.

Ndipo akatuelekeza kutazama juu. Katika ukuta wa Acropolis, upande ule wa kaskazini, kuna safu ya vipande vya nguzo, mviringo, vikubwa, vimepangwa kama mabakuli kabatini. Ni vya lile hekalu lililokuwa likijengwa Waajemi walipokuja mwaka 480 K.K. Waathens waliporudi katika mji uliochomwa na kujenga ukuta, waliviweka pale vionekane kutoka mjini. Parthenon mpya ilikuja kujengwa miaka zaidi ya thelathini baadaye, na wakati wote huo, na tangu hapo, mtu akiinua macho aliona kwanza kilichoharibiwa.

Nilimpa mama yule bahshishi na kumwambia kwamba tunafanya kazi moja. Akaniuliza Zanzibar huwaonyesha wageni nini. Nilianza kumwambia kuhusu milango.

Nimerudi kazini. Kituo cha nne kiko pale pale. Nawaambia wageni kwamba kibao kinasema nyumba ilijengwa na mfanyabiashara, na kwamba sijaona hati. Nawaambia kwamba kuanzia 1966 hadi 1997 kaya tano ziliishi humo, na mmoja wao alikuwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikaanga vitumbua ukumbini, na ukuta ule mweupe ulikuwa mweusi. Ninataja jina lake. Hoteli haikufurahi; siku hizi wateja wangu wakitaka choo tunakwenda kwenye mkahawa wa kona, na tunalipa. Kuna wageni wanaouliza maswali mengi, kuna wanaotazama saa. Mmoja aliniuliza kama vitumbua bado vinauzwa. Nikamwonyesha kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, tukanunua vya kutosha wote, tukala tukitembea, kwa sababu tulitakiwa kufika Darajani kabla ya samaki kwisha.